Thumuni ya Bi Mwanahawa

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa moja na nusu asubuhi, Wilbroad fundi baiskeli alikuwa ameinama kwenye bomba la uani, anasugua grisi mikononi kwa majivu na kipande cha sabuni, Bi Mwanahawa alipoona kwamba sikio lake la kushoto limeingia pengo. Lilikuwa pengo dogo, upande wa juu, kama mahali panya alipoonja kitumbua akaghairi. Marehemu Mfaume, mume wa Bi Mwanahawa, alizaliwa na pengo hilohilo, na baba yake Mfaume pia. Wilbroad alikuwa Mkatoliki wa Lusu, huko Nzega, mtoto wa wakulima wa alizeti, na hakuwa na nasaba yoyote na watu wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, zaidi ya kupanga chumba cha tatu mkono wa kushoto kwa miaka kumi na mmoja.

Bi Mwanahawa alimuuliza kama linauma. Wilbroad akasema haliumi, lilianza wiki iliyopita, alidhani ni kofia inambana. Bi Mwanahawa akamweleza kwamba sikio la namna hiyo huingiza baridi miezi ya kipupwe, na kwamba marehemu alikuwa akiliziba kwa pamba yenye mafuta ya nazi. Akaingia ndani, akatoka na pamba. Wilbroad akashukuru, akaziba, akaenda zake kibandani.

Nyumba ilikuwa na vyumba vinane, vinne kila upande wa ukumbi mrefu, na nyuma kulikuwa na ua wenye jiko, bomba na vyoo viwili. Mfaume aliijenga kwa mshahara wa reli, chumba baada ya chumba, kila alipopandishwa cheo. Alipofariki, Bi Mwanahawa alibaki na chumba cha mbele mkono wa kulia, chenye dirisha la barabarani, na vile saba akavipangisha. Hakuwahi kumgongea mtu mlango kudai kodi. Alijua nani hali bamia na nani analala na taa. Recheli, fundi cherehani aliyekaa chumba cha pili kulia, alipougua homa ya matumbo, Bi Mwanahawa alimkalia kitako siku nne na kumnywesha uji kwa kijiko. Mzee Festo, mlinzi wa ghala la tumbaku, alipofiwa na mkewe, ni Bi Mwanahawa aliyepanda naye gari la maiti mpaka kijijini, akarudi na vumbi la njia nzima kwenye baibui. Mchana sinia lilikuwa moja, na aliyechelewa aliwekewa chake chini ya kawa. Mkataba hakuna aliyekuwa nao. Bi Mwanahawa alikuwa akisema baina ya ndugu hakuna karatasi.

Mtaani hawakuupenda mtindo huo. Bi Koleta, aliyekuwa na nyumba mbili za kupangisha upande wa pili wa barabara, alimwendea mara kadhaa kumkanya. Mpangaji, alisema Bi Koleta, unamsalimia, unampa risiti, unafunga mlango. Ukimzoea sana atakupanda kichwani, na siku ya kumtoa utashindwa hata pa kuanzia. Akamkumbusha na maneno ya wahenga, kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

"Nimezaa mmoja," Bi Mwanahawa alimjibu, "na mwaka wa tisa huu hajaja kula. Sasa niambie wewe, nife na nani?"

Bi Koleta akaaga.

Baada ya sikio la Wilbroad mengine yalifuata, bila haraka. Recheli alipata mwanya wa meno ya mbele, sawasawa na wa Bi Mwanahawa, na akagundua kwamba unafaa kushikia pini anaposhona majoho ya kwaya. Pale kanisani kwake, kwa Wamoraviani, mwalimu wa kwaya alimuuliza kama mwanya unaharibu sauti za juu. Haukuziharibu. Mzee Festo alipata kikohozi cha marehemu, kile cha mara tatu na kimya kimoja, hata Bi Mwanahawa akawa anaitikia "pole, baba Nassibu" kabla hajakumbuka. Wengine wanne walipata huyu vidole, huyu nyusi, huyu kunyanzi la shingoni, huyu namna ya kukaa upande mmoja wa kiti. Kufikia mwisho wa mwaka, mgeni akiingia uani aliwasalimia wote kama watu wa tumbo moja, na hakuna aliyesumbuka kumsahihisha.

Nassibu, mtoto wa kumzaa, alikuwa Dar es Salaam. Alipiga simu ya picha kila Jumapili baada ya adhuhuri, na kila Jumapili mama yake alimwona amepungua. Kwanza sikio lake la kushoto, ambalo lilikuwa na pengo tangu anatoka tumboni, lilijaa likawa zima. Kisha nyusi za Mfaume zikamtoka. Kisha kidevu. Kufikia mfungo wa Ramadhani alibaki na uso wa mtu uliyesimama nyuma yake kwenye foleni ya benki, uso ambao ukigeuka umeshausahau. Bi Mwanahawa alimweleza. Nassibu akasema ni mtandao.

Jumapili moja alimweleza mama yake kwamba amepewa notisi. Alikuwa amepanga fleti moja miaka sita na hakuwahi kumwona mwenye nyumba. Kodi aliituma kwa simu, bomba likiharibika alimwandikia dalali, na notisi yenyewe ilikuja kwa ujumbe wa mistari miwili, usio hata na salamu. Amechoka, alisema. Ana umri wa miaka arobaini na nne na vitanda vya watoto wake havijawahi kukaa ukutani zaidi ya miaka sita. Nyumba ya Tabora haijagawanywa tangu baba afe. Anakuja kuigawa. Mnunuzi yupo.

Alishuka na treni ya Alhamisi. Abasi, balozi wa mtaa, alikuwa amekaa barazani akingoja kumpokea, na alipomwona mtu anaburuta begi kuelekea mlangoni alimwomba kitambulisho. Nassibu akakitoa. Picha ya kwenye kitambulisho ilikuwa imebadilika pamoja na mwenyewe, kwa hiyo Abasi alilinganisha, akaridhika, akamkaribisha kama mgeni wa nyumba. Kisha akamgeukia Wilbroad, aliyekuwa anatoka na pampu mkononi, akampa pole ya msiba wa mirathi unaomkabili.

Bi Mwanahawa alimtambua mwanawe kwa namna alivyovua viatu, kisigino kwa kidole bila kufungua kamba, tabia aliyochapiwa sana utotoni. Alimshikia uso kwa mikono miwili, akautafuta, asikione anachokitafuta. Akamwandalia wali na nyama ya mbuzi. Nassibu alikula chumbani, sio kwenye sinia. Alipomaliza alieleza mambo yalivyo: hati ina jina la baba, wajomba na baba wadogo wamekaa kikao na kumteua kuwa msimamizi wa mirathi, na mahakama imepokea. Kwa sheria yao ya dini, mke wa marehemu aliyeacha mtoto anapata thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Iliyobaki ni ya mtoto. Mnunuzi ni mfanyabiashara wa mbao anayeitwa Shigela, anataka kujenga nyumba ya wageni.

"Na hawa?" aliuliza Bi Mwanahawa.

"Hawa ni wapangaji, Mama."

"Wewe umetolewa nyumba juzi. Unajua inavyouma. Unawafanyiaje wenzako?"

Nassibu alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Nilipopewa notisi hakuna mwenye nyumba aliyelia," alisema. "Nikaona kumbe inawezekana."

Bi Mwanahawa alisema haiwezekani. Alisema nyumba hii haiuzwi yeye akiwa anavuta pumzi, na kama ni watoto wa Mfaume wanaohesabiwa, basi wahesabiwe wote na mahakama iwatazame kwa macho yake. Asubuhi ya siku ya kesi alivaa baibui jipya na kuwaongoza wapangaji saba kwa miguu, mstari mmoja, kutoka Ng'ambo mpaka mahakamani. Watu wa njiani waliwapisha, wengine walisimamisha baiskeli, maana ilikuwa dhahiri ni ukoo unakwenda kwenye jambo zito.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, aliyesoma kila karatasi mpaka mwisho. Alipoinua macho na kuwaona wale saba kwenye benchi, alimuuliza Nassibu kwa nini ameandika mtoto mmoja kwenye orodha ya warithi ilhali ndugu zake wamekaa pale. Nassibu akasema ni wapangaji. Hakimu akaomba picha ya marehemu. Akaitazama, akalitazama sikio la Wilbroad, akamsikiliza Mzee Festo akikohoa mara tatu na kunyamaza. Akasema mahakama haikatai kwamba wamefanana na marehemu kuliko mwombaji. Lakini kufanana si hati. Je, wana vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la Mfaume? Hawakuwa navyo. Basi, kama ni wapangaji, wana mikataba? Mwenye mkataba wenye muda analindwa. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anainunua na mkataba wake.

Hawakuwa nayo pia. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba basi hana pa kuwashikia. Aliwapa mwezi mmoja wa kujipanga, akaandika kwamba mjane ana thumuni yake, na akaita kesi nyingine.

Jioni ile sinia liliwekwa kama kawaida, lakini kila mtu alikula upande wake bila kuvuka. Baada ya kunawa Recheli hakuinuka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mpole, asiyependa maneno mengi, na mwaka wa kumi na tatu alikuwa akimwita Bi Mwanahawa mama.

"Mama, niliomba karatasi mwaka juzi," alisema.

Bi Mwanahawa alikumbuka. Recheli alikuja na ukurasa alioupigia mistari kwa rula, ameandika majina yote mawili na nafasi ya sahihi, akauweka mezani kwa adabu. Bi Mwanahawa alikasirika wiki mbili. Alimuuliza ni mama gani anayemwandikia mwanawe mkataba, na kama amewahi kumfukuza, na kama uji wa homa ulikuwa na risiti. Recheli akauchukua ukurasa wake akaenda kukatia patani, kielelezo cha kushonea kola.

"Ulisema mtoto haandikiwi," aliendelea Recheli. "Lakini mtoto wa karatasi ndiye yuko ndani pale, anauza. Sisi wa sinia ndio tunafungasha."

"Ningekutoa mimi, Recheli?"

"Hapana. Na ndiyo maana hukuona haja ya kuandika. Wema wako ulikuwa wako, Mama. Mimi nilitaka kitu kiwe changu."

Wengine walitazama chini. Mzee Festo alijizuia kukohoa. Bi Mwanahawa alikusanya vyombo peke yake, akakataa kusaidiwa, akaviosha mpaka giza likaingia, na huku anaviosha alimkumbuka bibi yake mzaa mama, Zuwena.

Bibi Zuwena aliletwa Tabora akiwa mtoto anayejua kutembea, yeye na mama yake, nyuma ya msafara uliokuwa unarudi kutoka Manyema na pembe za ndovu. Tajiri mmoja wa mjini aliwachukua. Hawakufungwa minyororo, nyumba ile ilisifika kwa upole. Zuwena alikula na mabinti wa tajiri, alisukwa nao, alimwita tajiri baba, na tajiri aliitikia. Kufikia umri wa kuvunja ungo alikuwa amepata pua ya bi mkubwa, pua nyembamba yenye kitako, ingawa hawakuwa na tone la damu moja. Wauza chumvi kutoka Uvinza walimwamkia kama binti wa nyumba. Kisha tajiri akafa. Warithi wakakaa siku tatu na mwanachuoni, wakagawana mashamba, ng'ombe, bunduki na hata milango. Zuwena aligawiwa mkeka, akaoneshwa njia. Pua aliondoka nayo, na aliihadithia habari hiyo mpaka uzeeni, akichambua mchele, bila kulia.

Bi Mwanahawa aliijua hadithi hiyo tangu akiwa na miaka saba, na siku zote aliisikiliza akiwa upande wa bibi yake. Usiku huo wa vyombo ndipo alipoona kwamba kwa miaka kumi na nne amekuwa amekaa kwenye kiti cha tajiri, anaitikia anapoitwa mama, na milango ni yake.

Asubuhi hakumpikia Nassibu chai. Alimwambia hataki pesa ya thumuni. Anataka thumuni yenyewe. Vyumba ni vinane, na moja katika nane ni chumba kimoja. Hata aliyekimbia shule anaijua hesabu hiyo. Nassibu akasema nyumba haiuzwi hivyo, hakuna mnunuzi anayenunua nyumba yenye chumba cha mtu katikati.

"Si katikati," alisema Bi Mwanahawa. "Ni cha mbele. Hiki."

Alikwenda mwenyewe kwa hakimu, kwa miguu, akaandikisha. Hakimu alisoma, akasema mrithi ana haki ya kuchukua fungu lake kwa kitu badala ya thamani iwapo kitu chenyewe kinagawika, na kuta zinaonesha kwamba kinagawika. Nassibu alisumbuka siku tatu, akapiga simu kwa wajomba, wajomba wakampigia dada yao, dada yao akawaambia kwamba wakiwa na la ziada waje Tabora walisemee mbele yake. Hakuna aliyekuja. Shigela alipunguza bei na akanunua saba.

Shigela alikuja kuitazama mali yake siku ya Jumamosi. Alikuwa mtu mrefu, safi, mwenye kalamu mfukoni, na alikuwa na kanuni moja aliyoishika katika nyumba zake zote: hakuwasalimia wapangaji. Alieleza kwamba salamu huzaa mazoea, mazoea huzaa ombi, na ombi huzaa uadui. Badala yake aliwapa mikataba ya kurasa nne, yenye mhuri, na kwa miaka ishirini hakuwahi kumtoa mtu kabla ya tarehe. Recheli, aliyekuwa anashona barazani, alisimamisha cherehani akamsikiliza mpaka mwisho. Baadaye alimwambia Bi Mwanahawa kwamba yule bwana hana moyo hata wa kuku, na kwamba angempata miaka kumi na mitatu iliyopita angekuwa na pa kulala mpaka leo.

Shigela alitaka chumba cha mbele kwa ajili ya mapokezi. Aliahidi kumpa Bi Mwanahawa chumba cha nyuma kikubwa zaidi, na bati jipya juu, na choo chake peke yake. Bi Mwanahawa akakataa. Shigela akaongeza kisima cha umeme. Akakataa. Shigela akauliza basi wageni wake wataingilia wapi.

"Kwa ubavuni," alisema Bi Mwanahawa, "kama walivyokuwa wanaingia watumwa."

Shigela hakukasirika. Aliandika kwenye daftari lake "mlango ubavuni" akaondoka.

Wapangaji walihama mmoja mmoja ndani ya mwezi ule. Wilbroad alipata chumba Ipuli, nyumba ya bati jipya isiyo na mti hata mmoja, na aliondoka na kitanda, sanduku la spana na kopo la pamba. Mzee Festo alirudi kijijini kwake, akikohoa kikohozi cha Mfaume kwenye makaburi ya watu wengine. Wale wanne walitawanyika. Bi Mwanahawa alimsindikiza kila mmoja mpaka kona, na kwa kila mmoja alisema neno lilelile: alipaswa kuwaandikia, na hakuwaandikia kwa sababu alipenda zaidi kushukuriwa. Mmoja alisema yameshapita. Bi Mwanahawa akasema hayajapita.

Nassibu aliondoka na treni. Mama yake alimfungia maandazi na karanga, akamsindikiza stesheni, akamwekea mkono kichwani kama inavyopasa. Hakumlaani, wala hakumwambia kwamba amemsamehe. Treni iliposimama, watu watatu tofauti walimshika Nassibu bega wakidhani ni mtu wao, na kila mara aliomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Pesa aliyopata ilitosha kiwanja mbali sana nje ya Dar, mahali ambapo maji hayajafika. Anaishi huko mpaka sasa. Ana hati, na majirani hawajamkariri.

Recheli alibaki. Bi Mwanahawa ndiye aliyemwomba, na Recheli alisema atabaki kwa sharti moja. Walikaa mezani siku nzima. Mkataba ulikuwa wa kurasa tatu, wa miaka mitatu, wenye notisi ya miezi mitatu kwa kila upande, na kifungu cha tano kilisema mwenye nyumba atabisha hodi na kungoja jibu. Abasi balozi alishuhudia, akagonga mhuri, akasema hajawahi kuona nusu ya chumba ikipangishwa kwa maandishi mazito namna ile. Pazia la kitenge lilifungwa katikati. Cherehani ilikaa upande wa dirisha, kitanda cha Bi Mwanahawa upande wa mlango.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Bi Mwanahawa alikuwa na mazoea ya kuinua pazia tu na kuingia na bakuli, na mara ya kwanza Recheli alimrudisha kwa upole, akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Akajifunza. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye pazia ambalo lilikuwa likionesha kivuli cha mwenzake, akasema hodi, akangoja. Siku nyingi Recheli alisema karibu, na walikula pamoja mpaka kwenye ukoko. Siku nyingine alisema, "Leo hapana, Mama, nimechoka," na Bi Mwanahawa alirudi na bakuli lake akala peke yake. Siku hizo moyo ulimuuma. Lakini alizipenda "karibu" zile kuliko zote alizowahi kupewa katika nyumba hiyo, kwa sababu sasa zingeweza kutokuwepo.

Kuizunguka thumuni yake Shigela alijenga. Vyumba saba vilivunjwa vikawa ghorofa moja yenye vigae, viyoyozi na taa za buluu, na wageni waliingilia ubavuni. Chumba cha Bi Mwanahawa kilibaki mbele na bati lake la zamani, kama jino lililokataa kung'olewa. Mvua ikinyesha, maji ya ghorofa yote yalimwagikia kwenye paa lake. Alipeleka malalamiko, wakaja watu wa kupima, wakapima. Maji yanaendelea kumwagika.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, karani wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba kusahihisha daftari la wakazi. Alikuwa mgeni Tabora. Alikaa kwenye kigoda kizingitini, akawatazama wale wanawake wawili mara moja, na bila kuuliza akaandika mama na binti.

Recheli alilisoma daftari kichwa chini, kutoka upande wake, akamwambia afute. Yeye ni mpangaji. Karani akacheka kidogo, akamgeukia Bi Mwanahawa ili wasaidiane kucheka.

"Futa," alisema Bi Mwanahawa. "Huyu si mwanangu. Ana haki zake."

Karani akafuta, akaandika upya, akauliza kama kuna watu wengine katika nyumba hiyo. Bi Mwanahawa akasema wapo. Akaanza kuwataja kwa majina matatumatatu, kila mmoja na chumba chake: Wilbroad, cha tatu kushoto, Mzee Festo, cha mwisho kulia, karibu na bomba, na wale wanne, pamoja na miaka waliyokaa. Karani aliinua shingo akatazama ukuta wa vigae uliokuwa umeegemea chumba. Akasema kwa heshima kwamba vyumba hivyo havipo, na watu hao hawapo.

"Najua," alisema Bi Mwanahawa. "Andika."